Sikukuu ya Luka Iliyokuja Mara Mbili

Sogeeni. Mwenye kazi aiweke chini, mwenye usingizi akalale, maana kisa changu hakipendi kukatizwa. Zamani, si zamani hii ya reli na rupia, bali zamani iliyo mgongoni mwa hiyo, palikuwa na kisiwa cha baridi kule wanakotoka Waingereza, na katika kisiwa hicho kusoma Misa lilikuwa kosa la kunyongwa.

Gaudensi, funga mdomo. Ndiyo, Misa hii hii unayosinzia kila Jumapili.

Msiniulize ilikuwaje, maana hata wenyewe walichanganyikiwa. Mfalme mmoja alisema Kanisa ni langu. Akafa. Akaja mwanawe akasema hivi, akafa. Akaja dada mtu akasema vile, akawachoma moto waliokataa. Akafa naye. Akaja dada mwingine akasema hapana, turudi kule kwa kwanza, na padre yeyote atakayevuka maji kuja hapa atanyongwa, na atakayempa chakula na malazi atanyongwa naye. Sasa mtu wa kawaida, mfua nguo kwa mfano, angejua lipi? Alilala Mkatoliki akaamka mwasi, na hakuwa amegeuka ubavu.

Basi mfua nguo mwenyewe ndiye mwenye kisa. Jina lake Wenifrida. Mjane, mikono mikubwa, maneno machache. Alifua katika nyumba ya mawe ya Bibi Ursula, mama mzee aliyekuwa anaumwa kifua na hakuwa wa kupona. Kila wiki Wenifrida akaloweka, akasugua kwa maji ya majivu, akasuuza, akakamua, akaanika. Akaloweka, akasugua, akasuuza, akakamua, akaanika. Miaka kumi na mitano.

Lakini kuanika kwake kulikuwa na siri. Mapadre waliotoka ng'ambo walitembea kwa kujificha, wamevaa kama wachuuzi au wakulima, na wote walifundishwa jambo moja kuhusu nyumba ile: tazama ua wa miiba ulio mbele. Ukiona shuka jeupe limetandazwa juu ya miiba, ingia. Usipoliona, pita kama hukuona nyumba. Kwa hiyo maisha ya mtu yalikuwa mikononi mwa Wenifrida kila alipobeba kapu la nguo. Alijua, na lilimnyima raha.

Mwaka huo, mwanzoni mwa Oktoba, Bibi Ursula akapata barua. Akaisoma kitandani, akatabasamu, akamwita.

"Weni, atakuja padre. Anasema sikukuu ya Mtakatifu Luka atakuwa hapa. Tarehe kumi na nane."

"Utamngoja, Bibi?"

"Nitajitahidi," akasema Bibi, na akakohoa mpaka Wenifrida akamshika mabega. Maana mama yule hakuogopa kufa. Aliogopa kufa bila kuungama. Miezi saba hakuwa ameona padre, na alikuwa na jambo moyoni lililomla, jambo la ujana wake, ambalo hata mimi sikuambiwa kwa hiyo nanyi msiniulize.

Kumbe barua ile ilikuwa imefunguliwa njiani. Aliyeifungua alikuwa msakaji wa mapadre, Bwana Skeltoni, mtu mrefu mwenye kupenda kula. Aliisoma, akaifunga tena kwa nta, akaiacha iende. Barua peke yake haikumtosha. Alitaka padre mwenyewe, mzima, na shingo yake. Tarehe saba akafika nyumbani kwa Bibi Ursula na watu wanne, akajitangaza, akafunga mlango.

"Hakuna atakayetoka," akasema, "mpaka Luka apite. Nami nitakaa hapa. Jikoni kuna nini?"

Wakapiga kuta kwa nyundo, wakang'oa mbao za sakafu, hawakupata kitu. Wenifrida akaondoa nguo zote kwenye ua, akazianika ndani karibu na moto. Ua ukabaki miiba mitupu. Akajisemea: hata akija mapema, ataona hakuna shuka, atapita. Akalala kwa amani kidogo.

Kesho yake asubuhi, tarehe nane, Bwana Skeltoni akanusa shuka lake akakunja uso.

"Mama, hili linanuka moshi. Mimi si nyama ya kukaushwa. Lifue tena, ulianike nje juani."

"Nje kuna upepo, Bwana."

"Ndiyo maana nataka nje."

Hapo ndipo Wenifrida alipofanya kosa, na ninyi msimcheke, hata mimi ningelifanya. Alihesabu kwa vidole. Nane. Luka ni kumi na nane. Siku kumi bado. Akikataa atamtia Skeltoni shaka, akikubali leo, kesho ataliondoa, na hakuna atakayedhurika. Akaloweka, akasugua, akasuuza, akakamua, na akaanika. Shuka la msakaji likang'aa juu ya miiba.

Kabla halijakauka, akaja mchuuzi wa uzi na sindano.

Alikuwa mtu mwembamba, sanduku mgongoni, akijiita Hilari. Aliingia uani kwa furaha ya mtu aliyefika, akamkuta Bwana Skeltoni amekaa mlangoni na panga magotini. Furaha ikamtoka usoni, lakini miguu haikusimama. Akasalimia, akafungua sanduku. Skeltoni akalipekua mpaka chini. Uzi, sindano, vifungo, utepe. Hakuwa na wasiwasi naye hata kidogo, maana padre anakuja Luka, na Luka bado. Akachukua vifungo sita, akamkaribisha mezani wale maharage na nyama, wakacheka pamoja. Kisha, kwa kuwa watu wake walikuwa wameziba daraja, akamwandikia cheti kwa mkono wake mwenyewe: mchuuzi huyu namjua, apite.

Baada ya kula, mchuuzi akaenda nyuma kunawa mikono. Huko alikuwepo Wenifrida na beseni lake.

"Habari za sikukuu, mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Sikukuu gani?"

"Si leo Luka?"

Wenifrida akamtazama. "Luka ni siku kumi zijazo. Bia ya Bwana imekuingia."

"Nimekunywa maji. Mama, shuka liko nje."

Wenifrida akaendelea kusugua, maana mikono ikisimama watu huangalia. "Shuka ni la Bwana Skeltoni. Linakauka."

"Basi nimeingia nyumba ya msakaji kwa shuka la msakaji," akasema mchuuzi, na akakaa juu ya jiwe. Halafu akamweleza. Kule ng'ambo, alisema, Baba Mtakatifu alikuta kalenda imechelewa nyuma ya jua. Ili iende sawa, akafuta siku kumi. Watu walilala tarehe nne, wakaamka tarehe kumi na tano. Waingereza walikataa, kwa kuwa aliyesema ni Papa. Kwa hiyo ng'ambo leo ni kumi na nane, hapa leo ni nane, na yeye alipoandika barua alikuwa bado ng'ambo, akaandika kama alivyozoea. "Nilisahau, mama. Nilikumbuka mambo yote ya kujificha, hilo nikalisahau."

Wenifrida akahisi kichwa kinamzunguka. Siku kumi zinafutwaje? Zilikwenda wapi? Waliokuwa na mimba walijifungua lini? Na watakatifu wa siku zile kumi, nani aliwaadhimisha? Alisugua kola moja mpaka ikataka kuchanika. Nyinyi mnacheka, lakini nendeni mkamwambie mama yenu kwamba kesho ni mwisho wa mwezi, muone.

Zaidi ya hayo lilikuwepo la hatari. Wasakaji walikuwa na wapelelezi, watu waliojua Kilatini na kupiga magoti vizuri kuliko mapadre wenyewe. Walikwenda nyumba kwa nyumba wakisema mimi ni padre, na waliofungua mioyo walinyongwa. Huyu amekula na Skeltoni. Wamecheka pamoja. Ana cheti cha Skeltoni mfukoni. Halafu anakuja na hadithi ya siku zilizopotea? Akimwamini naye ni mpelelezi, Bibi atatolewa kitandani akafie gerezani. Akimfukuza naye ni padre, Bibi atakufa na lile jambo moyoni. Na Bibi hakuwa na siku kumi. Pengine hakuwa na siku nne.

Akapanda ghorofani na maji ya moto, akamnong'oneza Bibi Ursula yote.

"Weni, siwezi kumpima mtu nikiwa nimelala. Mpime wewe."

"Mimi? Sijui hata kusoma, Bibi."

"Unajua kufua."

Wenifrida akashuka ngazi akiwa hajaelewa. Akafika chini bado hajaelewa. Alipotia mikono majini tena, ndipo akaelewa.

Sikilizeni hapa vizuri. Kuna kitambaa kidogo cha altare, korporale, kile kinachotandikwa chini ya kikombe na hostia wakati wa Misa. Kinakunjwa mara tatu hivi na mara tatu hivi, kinatoka na vijumba tisa. Kwa kuwa huenda kimebaki na chembe ya Mwili wa Bwana, mfua nguo haruhusiwi kukitia majini wa kwanza. Padre mwenyewe anakisuuza kwanza, maji yake anayamwaga ardhini, na hapo tu ndipo mfua nguo anakipokea. Miaka kumi na mitano Wenifrida alikuwa akipewa vitambaa hivyo vikiwa vimelowa tayari. Mpelelezi anafundishwa Kilatini, anafundishwa sala. Nani atamfundisha udobi?

Akachukua leso ya kawaida kabisa, ya kufutia pua, safi, isiyoweza kumnyonga mtu. Akaikunja mara tatu hivi, mara tatu hivi. Akaenda nayo mbele ya mchuuzi, akaishika juu ya beseni la maji machafu ya soksi za askari, akaanza kuishusha.

Mkono wa mchuuzi ukamdaka kifundo cha mkono.

Hakufikiri. Alidaka kama mnavyodaka mtoto anayeelekea motoni. Kisha akaona ni leso tu, akamtazama Wenifrida, na macho yake yakajaa machozi.

"Hiyo haianzi kwako," akasema.

"Najua, Padre," akasema Wenifrida. "Bibi anakusubiri juu."

Sasa kumpandisha kukawa rahisi kuliko walivyodhani. Wenifrida akaenda kwa Skeltoni, akasema bibi mgonjwa angependa kuchagua uzi wa kushonea sanda yake. Skeltoni akacheka, akasema mwache achague, na amchagulie mweupe. Padre akapanda na sanduku lake, mchana kweupe, na askari akamfungulia mlango. Wenifrida akabaki nje akigombana na askari yule kuhusu soksi zake, kwa sauti kubwa, robo saa nzima. Alimtukana mpaka mtu wa watu akaahidi kununua mpya.

Padre akashuka. Akamuaga Skeltoni kwa heshima, akapita daraja kwa cheti cha Skeltoni, akaenda zake. Bibi Ursula akafa siku ya tatu, uso umelegea kama wa mtoto aliyeshiba. Wenifrida akamwosha, akamvika, akamlilia kweli kweli, kwa sababu alimpenda.

Mngedhani kisa kimeisha. Skola, kaa chini, hakijaisha.

Siku zikasogea. Skeltoni akala kuku wote. Ikafika tarehe kumi na nane, Luka ya Waingereza, na asubuhi hiyo, kwa bahati yake mbaya, akaja Dikoni.

Dikoni alikuwa fundi wa kuziba masufuria, na kama kuna mtu aliyewachukia Wakatoliki ni yeye. Mwaka uliotangulia alikuwa ametupa matope kwenye madirisha ya Bibi Ursula huku akiimba. Alikuja siku hiyo kutafuta masufuria yaliyotoboka. Hata hajatua mfuko wake, askari wanne wakamlalia.

"Karibu, Padre," akasema Skeltoni.

"Padre nani? Mimi ni Dikoni. Mapadre nawachukia, ningewanyonga mwenyewe."

"Ndivyo atakavyosema padre yeyote."

"Ulizeni watu kijijini."

"Nitauliza baadaye. Umekuja siku ya Luka, na umekuja nyumba hii." Akamwamuru asali Kilatini, Dikoni akasema hajui. Skeltoni akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema padre mjanja huyu anajifanya hajui. Ndivyo ilivyokuwa zamani hizo, wajukuu. Ukijua umekosa, usipojua umekosa. Wakamfunga kamba, wakamtupa zizini, kesho apelekwe mjini, na mjini hawakuwa na subira.

Wenifrida akasikia kila kitu akiwa jikoni. Akaloweka, akasugua, halafu akasahau kinachofuata.

Kwa nini aseme? Bibi amekufa salama. Padre yuko mbali. Akinyamaza, Skeltoni ataondoka na mtu wake, nyumba itatulia. Na huyo Dikoni ni yule yule wa matope, yeye Wenifrida ndiye aliyesugua madirisha yale siku mbili. Lakini pia, hakufanya lolote. Atakufa kwa ajili ya jina la mtu mwingine, kwa kuwa siku ya Luka ni mbili na ni Wenifrida peke yake nyumbani anayejua. Alijaribu kusali, sala ikachanganyika. Alitamani kumuuliza Bibi. Alitamani kumuuliza padre. Hakuwepo mtu wa kuuliza. Aliogopa, wajukuu zangu, na asiwadanganye mtu kwamba hakuogopa.

Akajifuta mikono. Akafunga bunda la nguo safi za kwenda nazo gerezani. Akavaa viatu vya Jumapili. Akaenda sebuleni.

"Bwana, yule si padre. Mwachie."

Skeltoni alikuwa anaandika barua yake ya ushindi. "Umejuaje, mama?"

"Padre alikwisha kuja. Luka imekwisha pita."

"Luka ni leo."

"Ya kwetu ni leo. Ya ng'ambo ilikuwa siku kumi zilizopita. Papa alifuta siku, sijui vizuri, usiniulize zilikwenda wapi. Aliandika kwa tarehe za kule. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Bibi. Nimeleta nguo zangu."

Skeltoni akaanza kuhesabu kwa vidole. Akahesabu mara moja, akahesabu mara ya pili. "Siku kumi zilizopita," akasema polepole, "hakuja mtu hapa. Alikuja tu yule..."

"Yule wa uzi," akasema Wenifrida.

Kalamu ikasimama. Wenifrida akadhani anatafuta kamba ya kumfunga, akanyoosha mikono yake miwili mbele. Hakuwa na hila yoyote kichwani, naapa. Alisema ukweli kama alivyouona, kwa mpangilio aliouona. Lakini Skeltoni yeye alikuwa anaona mambo mengine: vifungo sita kwenye koti lake mwenyewe, maharage na nyama, na kile cheti, mwandiko wake, sahihi yake, mchuuzi huyu namjua, apite. Aliyempa padre chakula atanyongwa. Sheria haikusema isipokuwa msakaji.

Akainuka, akafunga mlango. "Nani mwingine anajua?"

"Alijua Bibi. Amekufa."

"Basi na wewe hujui."

"Nimekwambia najua, Bwana."

"Mama," akasema Skeltoni, na jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile, "hapa hakuja mtu. Unanielewa? Hakuja mtu. Nenda kafue."

"Na Dikoni?"

"Chukua Dikoni wako."

Jioni haijafika, Skeltoni na watu wake walikuwa wamepakia farasi na kuondoka. Wenifrida akasimama uani, bunda mkononi, viatu vya Jumapili miguuni, akiwa haelewi kwa nini yu hai. Alikuwa amejiandaa kufa, na hakuna aliyemfundisha la kufanya baada ya hapo.

Dikoni akatoka zizini akijisugua vifundo vya mikono. Alikuwa amesikia askari wakinong'onezana kwamba mfua nguo ndiye aliyemwombea. Akasimama mbele yake, akatazama chini, akatazama paa.

"Wakatoliki bado siwapendi," akasema.

"Najua."

"Ulikuja na bunda la nini?"

"La gerezani."

Dikoni akaketi chini kwenye udongo, hapo hapo, akafunika uso kwa mikono yake myeusi ya masizi, na akalia kwa sauti mpaka Wenifrida akaona aibu, akaenda kumtafutia maji.

Mnataka funzo, nawajua. Mwalimu wenu atasema funzo ni kuwa na imani. Mimi nasema imani walikuwa nayo wote, hata Skeltoni. Funzo langu ni hili: dunia ikichanganyikiwa mpaka hata tarehe hazijulikani, wewe usimwache mtu afe kwa kosa ambalo wajua si lake. Hata kama alikutupia matope. Zaidi kama alikutupia matope. Na ukiwa unaogopa, ogopa huku unatembea.

Hapo kisa kimetua, na mimi nimetua nacho. Aliyekisikia chote akambebee aliyesinzia, na anayebisha akamuulize Wenifrida mwenyewe, akimkuta. Sasa ondokeni, mmenikalia kanga.